Bluu ya Ua la Asubuhi

Kila Flavian alipotaka kukiona kitu sawasawa, alifumba jicho la kushoto. Hakuhitaji kuwa na kamera. Akipimiwa maharage sokoni, alilifumba. Akionyeshwa kitoto kichanga, alilifumba, na mama mtu akacheka akidhani mzee anamkonyeza. Kanisani, padre alipoinua hostia na watu wote wakainamisha vichwa, yeye aliinua chake akatazama kwa jicho moja. Na siku ya kumzika mkewe Victoria, jeneza lilipofunguliwa ili ndugu waage, binti yake Winifrida alimwona akisogea taratibu, akaweka mikono nyuma, akafumba la kushoto, akabaki hivyo mpaka mtu akamshika kiwiko.

Winifrida alipokuwa mdogo aliamini kwamba baba wote hutazama namna hiyo. Alipoanza shule ndipo akagundua kuwa ni wake peke yake, na sababu akaijua: baba alikuwa mpiga picha, na jicho la kulia ndilo lililokaa kwenye kamera tangu ujana wake. La kushoto alilichukulia kama ndugu asiye na kazi anayekula bure.

"Hili la kukonyezea tu," alikuwa akisema. "Anayefanya kazi ni yule mwingine."

Studio yake ilikuwa mtaa wa Majengo, imebanwa kati ya duka la vitenge na fundi saa. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, taa mbili, na pazia lililochorwa maporomoko ya Kalambo na mtu ambaye, kwa kulitazama tu, ulijua hajawahi kufika Kalambo. Hapo alipiga picha za pasipoti, za kipaimara, za maharusi na za askari waliopata uhamisho. Vijana wa bodaboda waliokaa nje walimwita Mzee Jicho.

"Shikamoo, Mzee Jicho!"

"Marahaba, mshikaji. Kaa vizuri kwenye hiyo pikipiki, siku ukianguka nitakupiga picha bure."

Lakini kazi aliyoipenda haikuwa na mteja. Kila Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli yake akapita mtaa wa Izia, akaacha nyumba na mashamba ya mahindi nyuma, akaelekea upande wa milima ya Mbizi, kamera ikining'inia kifuani ndani ya sweta. Alikwenda kupiga picha mimea. Mimea ya kawaida tu: maua ya nyasini, magugu ya shamba la ulezi, vinyoya vya jani kavu, kuvu linaloota juu ya samadi. Watu walimuuliza anapata nini. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mmea hauji kesho yake dukani kulalamika kwamba umetoka mweusi."

Alikuwa na lenzi tatu, na alizizungumzia kama mtu anavyozungumzia wakwe. Ya kwanza ilikuwa ile ya kawaida, ya milimita hamsini, iliyokuja na kamera. Aliifungia pete za chuma ili iweze kusogea karibu; katikati ya ua ilitoa kila unywele, lakini pembeni majani yaliyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Ya pili ilitengenezwa mahususi kwa vitu vidogo. Ilikuwa kali kuliko zote, chavua yenyewe unaiona punje kwa punje. Shida yake ni kwamba ilikutaka uinamie ua mpaka kivuli na pumzi yako vilifikie, na upepo wa Ufipa haujui kupumzika; mbele ya lenzi ile ua likitikisika kidogo tu lilikuwa sawa na mtu anayekimbia. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya kupigia maharusi kutoka nyuma ya kanisa. Hiyo ilimruhusu akae mbali, magoti yake mahali pakavu, alichague ua moja kutoka kwenye vurugu ya nyasi na kuyaacha majani ya nyuma yawe ukungu wa kijani.

"Hii ndefu ina adabu," alimwambia Winifrida. "Inabisha hodi. Ile nyingine inaingia mpaka chumbani."

Ile ya hamsini ilikuwa na ugonjwa wake. Kwa uzee vioo vyake viligeuka njano. Ukitazama karatasi nyeupe kupitia humo uliiona kama imemwagikiwa chai nyepesi. Fundi mmoja wa Mbeya alimshauri aianike. Flavian aliiweka dirishani pa studio jua lilipokuwa likipiga, akawa anaigeuza kama mtu anayeanika ulezi, na baada ya majuma kadhaa njano ikapungua. Alifurahi sana. Alimwonyesha kila aliyeingia, hata watu waliokuja kuuliza njia.

Kuhusu mikanda ya filamu, siku hizo ilikuwa ya aina mbili madukani, na mafundi wote waliitaja kwa rangi ya boksi. Mkanda wa boksi la njano ulikuwa wa watu. Uliipa ngozi joto, bibi harusi akatoka kama ametoka kuota moto. Mkanda wa boksi la kijani ulikuwa wa mimea. Ndani yake kijani hakikuwa kimoja: ulezi mchanga ulitofautiana na mahindi, na mahindi yakatofautiana na nyasi ya bondeni. Flavian angeweza kuueleza ubishi huo mpaka ugali ukapoa, na Victoria akausogeza mbele yake kwa kiwiko bila kusema neno.

Ila mikanda yote miwili ilimshinda mahali pamoja. Bluu.

Katika bonde la dada yake Cornelia, chini ya Mbizi, kulikuwa na ua linaloota penye unyevu mvua zikishakolea. Bua lake ni refu na bapa, na kileleni hufunguka kiua kimoja kimoja, cha bluu kali, bluu isiyo na zambarau ndani yake. Vitabuni Winifrida alilikuta likiitwa aristea. Nyumbani waliliita ua la asubuhi, kwa sababu hufunguka jua linapochomoza na kufika saa sita limeshajisokota, halifunguki tena. Kesho yake hutoka jingine. Victoria alikuwa akilipenda tangu usichana wake, na Flavian alilipiga kila mwaka. Boksi la njano liligeuza bluu ile kuwa pinki iliyochoka. Boksi la kijani lilikaribia, lakini nalo liliongeza zambarau ambayo haikuwepo.

Kila picha iliporudi kutoka kusafishwa, alimpa mkewe. Victoria hakuitazama ndani. Aliichukua mpaka nje, akasimama ukutani mahali penye mwanga, akaiinua, akairudisha.

"Bado," alisema.

Basi. Si zaidi ya hilo. Na Flavian aliiweka kwenye boksi la viatu chini ya kitanda pamoja na za miaka iliyotangulia. Kuta za sebule yao zilijaa mimea ndani ya fremu, lakini juu ya kiti cha Victoria paliachwa wazi. Pale palikuwa pa ua la asubuhi, siku litakapotoka lilivyo.

Winifrida, ambaye alisomea biolojia na kurudi kufundisha chuo cha ualimu pale mjini, aliwahi kumweleza baba yake sababu. Maua mengine ya bluu, alisema, hurudisha pia mwanga mwingine ambao jicho la mtu halioni, ulio nje kidogo ya nyekundu. Mkanda unauona. Ndiyo maana bluu inageuka.

Flavian alimtazama kwa jicho moja.

"Mkanda uone nisichokiona mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Huko chuoni wanawadanganya sana."

Victoria alifariki mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali. Baada ya hapo hakukuwa na wa kutoka nje na picha. Flavian aliendelea kwenda bondeni, lakini alirudi mapema, na mara nyingine mkanda ukakaa ndani ya kamera miezi. Mikanda yenyewe ilikuwa imeanza kupotea. Studio nyingine zote Majengo zilihamia kwenye kompyuta, na Flavian naye alinunua kamera ndogo ya kidijitali kwa ajili ya pasipoti, akaishika kama mtu anavyoshika kisu cha jirani. Maabara ambako alituma mikanda Mbeya ilibaki na mashine moja na kijana mmoja wa kuiendesha, jina lake Loth. Mwisho Flavian akabaki na mikanda miwili, mmoja wa njano na mmoja wa kijani. Aliitunza kwenye friji ya duka la vinywaji, katikati ya soda, na mwenye duka akaapa kwamba hataiuza.

Mwaka ule mvua zilipokolea, Cornelia alikuja Majengo na habari.

"Kaka, lile bonde mwaka huu nalilima. Watoto wa mdogo wetu Adolfu wameoa, tunahitaji maharage. Naanza ntumba mvua zikianza kupungua."

Flavian alielewa vizuri. Ntumba ni vile vilima vya duara ambavyo Wafipa hulima kwa kuikata nyasi na udongo wake, kuigeuza na kuifukia humo humo ioze iwe mbolea. Ukishamaliza, bondeni haubaki hata unyasi mmoja uliosimama. Hata ua.

"Lima tu," alisema. "Nipe Jumapili chache."

"Chukua. Watu wanapiga picha maharusi wanakula pilau, wewe unapiga picha malisho ya ng'ombe."

Alizitumia Jumapili zile zote. Alipiga ua la asubuhi kwa lenzi zote tatu, akamaliza mkanda wa njano, akatumia sehemu kubwa ya ule wa kijani na kuacha picha chache mwishoni. Kabla mkanda haujaisha aliifungua kamera gizani, ndani ya mfuko mweusi, akaukata, kipande kilichopigwa akakituma Mbeya na kilichobaki akakiacha ndani ya kamera. Hiyo ni kazi ya mikono inayojua, na aliifanya bila kukosea.

Picha ziliporudi, alizitandaza mezani, akafumba la kushoto, akazitazama moja baada ya nyingine. Uso wake ukasawijika. Akampigia Loth simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Loth, umeniletea majivu."

"Majivu gani tena, mzee wangu?"

"Bluu haipo. Ua limekuwa la kijivu. Ongeza bluu, uzisafishe upya."

Loth aliongeza. Zikarudi. Flavian akasema bado ni majivu. Lawama zikatafuta mahali pa kukaa. Kwanza ikawa mkanda, umeshapitwa na tarehe. Kisha ikawa ile lenzi ya hamsini, kwamba njano yake imerudi, akaianika tena dirishani ingawa haikuwa na kosa. Kisha ikawa mvua. "Mwaka huu maua yenyewe yamefifia," alimwambia Winifrida. "Maji yamezidi. Hata pale bondeni niliyaona hayana rangi." Kisha ikarudi kwa Loth.

"Mzee, nikiongeza tena hata mbuzi atatoka bluu."

"Mbuzi hayumo kwenye picha. Ongeza."

Jumamosi moja Winifrida alifika kumsalimia nyumbani kwake Majengo, akamkuta amevaa shati la misa na uso umechangamka. Juu ya meza kulikuwa na fremu mpya, ikinukia rangi ya mbao. Cornelia alikuwa kwenye mkeka akichambua maharage ya mbegu.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Njoo uone. Limetoka. Baada ya miaka yote hii, limetoka."

Winifrida alichukua picha. Nyasi zilikuwa za rangi ya maji ya dimbwi. Anga lilikuwa wino. Kidole cha Flavian mwenyewe, kilichoingia pembeni kikishika bua, kilikuwa kidole cha mtu aliyekufa. Na ua lilikuwa bluu, ndiyo, kama lile donge la bluu la kufulia mashati meupe. Aliinua macho kumtazama baba yake, naye baba alikuwa amesimama mlangoni penye mwanga, jicho la kushoto limefumbwa, akisubiri neno. Mboni ya jicho la kulia, lile la kazi, haikuwa nyeusi. Ilikuwa na weupe wa uji mwembamba.

"Itaning'inia pale," alisema, akionyesha juu ya kiti cha Victoria. "Jumapili, baada ya misa ya kumwombea."

Winifrida alijua mama yake angeichukua picha ile mpaka nje, na alijua angesema nini. Lakini yeye hakuweza kulisema. Alimtazama mtu aliyemsomesha kwa jicho lile, na sasa amwambie jicho ndilo linalodanganya?

Cornelia hakuwa na shida hiyo. Aliinuka, akachungulia picha, akapiga makofi mara moja.

"Kaka, hii ni nini? Umekwenda kuzimu kupiga picha?"

"Wewe unajua nini kuhusu picha?"

"Najua nyasi. Nimezilima tangu sijaota meno. Nyasi gani hizi? Kaka, una mtoto wa jicho. Nimekuona muda, jicho limeweka ukungu kama la yule mbwa wa jirani yangu Dominiko."

"Cornelia."

"Nenda hospitali wakutoe huyo mtoto. Madaktari wa macho wanakuja mwezi huu, wametangaza kanisani."

"Jicho hili," Flavian alisema, "limejenga nyumba hii. Limesomesha mtoto huyu. Limezika mke wangu. Leo unalifananisha na la mbwa?" Akachukua picha mikononi mwa Winifrida, si kwa ukali, bali kama mtu anayechukua mtoto wake kutoka kwa wageni, akaiweka ndani ya fremu.

Jioni ile Winifrida alirudi kwake Izia akitembea, upepo ukimsukuma mgongoni. Alifikiri kuhusu jicho lile jingine, la kukonyezea. Kwa nini baba hakugundua? Mtu ana macho mawili. Moja likiharibika, jingine husema. Halafu akasimama katikati ya njia. Jingine halikuwahi kuulizwa. Kila kitu alichotaka kukiona vizuri, Flavian alilifumba. Na kama aliona kiza kidogo alipolifumba, basi hicho kilikuwa kiza alichokizoea tangu ujana, kwa maana ndani ya kitundu cha kamera dunia daima ni nyeusi kidogo kuliko nje. Kwake, kutazama kwa makini kulikuwa ni kuingia kivulini.

Alfajiri ya Jumapili alirudi Majengo. Nyundo na msumari vilikuwa tayari juu ya kiti.

"Baba, kabla hujapigilia, twende bondeni. Shangazi ameanza ntumba tangu Alhamisi. Yaliyobaki ni machache. Chukua na kamera."

Alidhani atakataa. Flavian aliangalia kiti, akaangalia mlango, akachukua sweta.

Walimkuta Cornelia kazini kabla ya misa, jembe mkononi, sketi ameipandisha na matope yamemfika magotini. Bonde lilikuwa limejaa vilima vya duara, vyeusi, vibichi, kama migongo ya wanyama waliolala. Upande mmoja tu, karibu na mfereji, palibaki kipande cha nyasi, na ndani yake maua ya asubuhi yalikuwa yamefunguka, umande ungali juu yake.

"Mmekuja kuomboleza?" Cornelia aliuliza.

"Tumekuja kuaga, shangazi."

Flavian alipiga magoti kwenye nyasi, mbali kidogo, kwa adabu ya ile lenzi ndefu. Akafumba la kushoto.

"Yamefifia," alisema. "Nilikuambia. Majivu matupu."

Winifrida alipiga magoti kando yake. Alikuwa ameandaa maneno njiani, yote yakamtoka.

"Baba, naomba kitu kimoja. Fumba la kulia. Litazame kwa hili jingine."

"Hili ni la kukonyezea."

"Basi likonyeze, baba. Kwa ajili yangu."

Alicheka kidogo kwa kumridhisha, akafumba la kulia, uso ukajikunja vibaya kama wa mtu anayelamba ndimu, maana misuli ile haikuzoea.

Akafumba la kushoto. Akafumba la kulia. Tena la kushoto. Tena la kulia, taratibu. Upepo uliyainamisha maua na kuyainua. Cornelia aliacha kulima, akasimama ameegemea jembe.

Flavian aliketi chini, pale pale kwenye matope.

"Kumbe lipo," alisema.

"Lipo, baba."

"Na mama yako alikuwa analiona hivi kila siku?"

"Hata wewe ulikuwa unaliona hivi. Zamani."

"Na zile picha za Loth?"

Flavian alipitisha kiganja usoni, matope yakabaki shavuni. Cornelia alisogea akamfuta shavu kwa ncha ya khanga, bila mzaha wowote, kama anavyofutwa mtoto.

"Inuka, kaka," alisema. "Jua linapanda. Yatajifunga."

Ndipo Flavian akajaribu jambo ambalo hakuwahi kulifanya: kupiga picha kwa jicho la kushoto. Hakujua pua aiweke wapi. Ilibanwa kwenye mgongo wa kamera na pumzi yake ikatia ukungu kwenye kitundu. Kila alipovuta mkanda, kidole gumba kilimchoma kwenye lile jicho la kulia. Alitukana kidogo kwa Kifipa. Cornelia akacheka hadi akapiga kelele, naye akacheka, kamera ikatikisika, akasubiri, akatulia, akapiga. Alimaliza zile picha chache zilizobaki kwenye mkanda wa kijani. Aliposimama, magoti yalikuwa yamelowa mpaka pajani.

Msumari haukupigiliwa siku ile. Ile picha ya bluu ya kufulia iliingia kwenye boksi la viatu pamoja na zile nyingine.

Loth alipopokea mkanda wa mwisho alipiga simu mwenyewe.

"Mzee, niongeze kiasi gani?"

"Usiongeze kitu. Acha ilivyo."

"Kweli, mzee?"

"Loth, mwanangu, nilikutesa. Jicho ndilo lililokuwa na kosa."

Bahasha ilipofika hakuifungua. Alisema hawezi kumhukumu mtu kwa ushahidi wa upande mmoja; atatazama akishakuwa na macho yote mawili, na ua lenyewe likiwa mbele yake. Aliiegemeza bahasha juu ya kiti cha Victoria. Madaktari wa macho walipokuja hospitali, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa shati la misa.

Daktari, dada mmoja mpole, alimweleza kwa subira. Ndani ya jicho kuna lenzi, mzee. Kwa uzee inaweza kugeuka njano, kisha inakuwa na ukungu.

"Najua habari hizo," Flavian alisema. "Sasa daktari, si mngeianika juani kwanza?"

Daktari hakuelewa. Winifrida alicheka mpaka ikabidi atoke nje, na huko nje, kwenye baraza, wagonjwa wengine walimwona akiwa ameegemea ukuta akilia.

Bandeji ilipotolewa, Flavian alizunguka Majengo kama mgeni. Alisoma mabango ya maduka kwa sauti. Aliwaambia vijana wa bodaboda kwamba pikipiki zao ni chafu, hakujua. Aliingia duka la vitenge la jirani, akafumba la kushoto, akasimama mbele ya doti moja la bluu mpaka mwenye duka akamletea kiti. Watu walidhani sasa ataiacha tabia ile, maana ndiyo iliyomficha ukweli. Hakuiacha.

Akasubiri mvua. Alikuwa mtu wa kusubiri mwaka mzima kwa ajili ya ua, kwa hiyo hakuona ni muda mrefu. Lakini baridi ya katikati ya mwaka ilimwingia kifuani, kikohozi kikakaa, na mvua zilipokuja alikuwa wa kitandani, amepungua, sweta limemzidi. Studio ilifungwa. Alichouliza kila Winifrida alipoingia kilikuwa kimoja: je, bondeni kuna chochote?

Winifrida alikwenda bila matumaini makubwa. Bonde lote lilikuwa la maharage sasa, yamefunika vilima. Ila karibu na mfereji, katikati ya ntumba za Cornelia, palikuwa na duara moja la nyasi ndefu lisiloguswa na jembe.

"Usinitazame hivyo," Cornelia alisema. "Pale pana maji mengi, maharage yangeoza."

Lakini hapakuwa na maji mengi kuliko kwingine.

Winifrida alichimba shina moja pamoja na udongo wake, akalitia kwenye kopo, akaenda nalo Majengo mapema, likiwa na kiua kimoja kilichofunguka na kingine kinachosubiri kesho. Mchana wa siku ile, ua likiwa limeshajisokota, Flavian alikuwa ameshafariki. Lakini asubuhi bado alikuwepo. Winifrida alimwinua, akampangia mito mgongoni, akafungua dirisha mwanga uingie, akaweka kopo mapajani pake. Kisha akachukua bahasha kutoka juu ya kiti cha mama yake, akaifungua kwa mara ya kwanza, akampa picha.

Nyasi zilikuwa nyasi. Tone la umande lilikuwa mahali pake. Bluu ilikuwa bluu, na ndani yake, ukitazama sana, kulikuwa na zambarau kidogo.

Flavian aliinua picha, akaishikilia kando ya ua. Akafumba jicho la kushoto. Alitazama ua, akatazama picha, akarudi kwenye ua. Winifrida alibana pumzi kama alivyokuwa akiibana utotoni, mama akiwa nje ukutani na wao ndani wakisubiri.

"Bado, mwanangu," alisema. "Lakini hii, mama yako angeinyamazia."